Shamba la Maua na Cheti cha Daktari

Miongoni mwa karatasi ambazo mgonjwa huondoka nazo kliniki, cheti kinachomweleza mwajiri iwapo mtu huyu anaweza kurudi kazini ndicho huandikwa kwa haraka kuliko zote. Karatasi ya dawa husomwa mara ya pili kwa hofu ya kukosea dozi, na picha ya eksirei huandikiwa taarifa yake kamili. Lakini swali la kazi hujibiwa kwa maneno mawili, "kazi nyepesi", kisha muhuri. Nia ya maneno hayo ni njema. Tatizo ni kwamba anayeyapokea ni msimamizi wa kiwanda au wa shamba, naye katika orodha yake hana kazi iitwayo nyepesi. Anayo kazi ya kukata, ya kubeba, ya kupanga, ya kufunga na ya kuhesabu. Asipoiona kazi aliyoiandika daktari, humwambia mfanyakazi akapumzike nyumbani hadi atakapopona. Kwa mtu aliyekatwa mguu chini ya goti, ruhusa ya namna hiyo haina mwisho. Ni kufukuzwa kazi kwa sauti ya upole.

Ninaandika haya nikiwa daktari wa utengamao, tawi la tiba linalomshughulikia mgonjwa baada ya jeraha kufunga na homa kushuka, pale anapoanza kuuliza ataishije. Nashikilia kwamba uwezo wa kufanya kazi haukai ndani ya mwili wa mgonjwa peke yake. Hukaa baina ya mwili huo na kazi fulani, mahali fulani, kwa zana fulani. Anayeupima mwili bila kuuliza habari za kazi amepima nusu ya jambo, hata kama vipimo vyake ni sahihi. Nami sijaona mahali panapolidhihirisha hilo wazi kama shamba la maua.

Msomaji aliye mbali na Arusha au Naivasha huenda analiwaza shamba la maua kama shamba la mahindi lenye rangi nyingi. Sivyo. Waridi linalouzwa ng'ambo hukuzwa ndani ya vitalu nyumba, mabanda marefu yaliyoezekwa kwa plastiki, na hupita katika mikono mingi kabla ya kupanda ndege. Wako wanaobebesha vikonyo kwenye mashina ya msingi. Wako wanaokunja matawi dhaifu ili yaulishe mmea, na wanaong'oa vichipukizi vya pembeni ili shina libaki na ua moja. Wakataji hupita na mikasi yao ua likiwa bado limefumba kwa kiwango anachokitaka mnunuzi. Mashina huingizwa katika ndoo za maji na kusukumwa hadi banda la kupangia madaraja. Huko huondolewa majani ya chini, hupimwa urefu, sentimita 40, 50, 60 na kuendelea, hukaguliwa michubuko na ukungu, hupangwa katika mashada, hufungwa karatasi, hukatwa vitako ili yalingane, hurudishwa majini, kisha huingia chumba cha ubaridi chenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Yako mashamba yanayokuza krisanthemamu kwa ajili ya vipandikizi tu, na kazi yote ni kuvunja vichipukizi laini, kuvihesabu na kuvitia mifukoni. Ongeza wapulizaji wa viuatilifu, mafundi wa mabomba ya umwagiliaji wa matone, watunza stoo, wafuaji wa mavazi ya kazi, wapishi, walinzi na makarani.

Nimeyataja yote hayo kwa makusudi, kwa sababu mgonjwa akisema kliniki "nafanya kazi ya maua", hajatueleza lolote bado. Baina ya mpulizaji anayebeba bomba mgongoni na mhesabu vipandikizi aliyeketi mezani pana umbali mkubwa kuliko ule ulio baina ya mpulizaji huyo na mchimba mfereji. Mtu aliyepata polio utotoni, ambaye miguu imedhoofu ilhali mabega na mikono ni imara, anaweza kupanga madaraja siku nzima, mradi apewe stuli ndefu. Katika mabanda mengi kazi hiyo hufanywa kwa kusimama, lakini ni kwa mazoea tu. Ua halidai mtu asimame. Kiziwi hahitaji masikio ili kuona shina lililopinda. Mwenye ulemavu wa akili aliyefundishwa hatua moja kwa utaratibu, akaonyeshwa kwa mkono na kwa picha badala ya kuhutubiwa, huweza kuifanya hatua hiyo kwa uthabiti ambao wengine huuchoka. Na kwa upande wa pili, yule asiyetofautisha nyekundu na kijani, ambaye hakuna anayemwita mlemavu, ataona taabu kubwa zaidi katika banda la kukagua maua kuliko mtu asiye na miguu.

Zana nazo hubadilisha mambo kuliko tunavyodhani. Huko Hamamatsu, nchini Japani, lipo shamba liitwalo Kyomaru-en ambalo kwa miaka mingi limewaajiri watu wenye ulemavu pamoja na wasio nao. Shamba hilo hukuza mboga, si maua, ila kazi zake za mikono hazitofautiani sana na za vitalu vyetu. Kisa chake kimoja kinafahamika vizuri. Kazi ya kupandikiza miche midogo ilihesabiwa kuwa ya vidole vyenye ustadi wa muda mrefu, na kwa sababu hiyo haikuonekana kumfaa mwombaji mwenye ulemavu. Mwalimu wa shule ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu akaja na kipande cha plastiki bapa, mfano wa kile ambacho wanafunzi wa Japani huweka chini ya karatasi wanapoandika, akakitumia kuisukumia miche mahali pake kwa mkupuo mmoja. Ikasimama sawasawa. Ustadi uliodhaniwa kuwa sharti la kazi ulikuwa sharti la zana. Tangu hapo shamba lile likajifunza kuigawa kila kazi katika vipande na kukiuliza kila kipande kinadai nini hasa. Wataalamu wetu wa tiba kazi, wanaofunzwa pale KCMC mjini Moshi, hufundishwa uchambuzi huo huo tangu mwanzo wa masomo. Inasikitisha kwamba wengi wao huishia kuutumia ndani ya kuta za hospitali, ambako hakuna ua hata moja la kupanga.

Sasa nigeukie upande ambao wapenda mema huuruka. Shamba la maua si bustani ya kumstarehesha mgonjwa. Ni mahali pa kazi penye hatari zake, na hatari hizo humwangukia kila mtu kwa namna ya mwili wake.

Chukua mkono usiohisi. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kuhesabiwa kuwa imeutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii kitaifa, lakini wagonjwa wapya wangali wanagunduliwa, na waliopona zamani wangali wanaishi na vidole vilivyokufa ganzi. Kisukari nacho kinatuletea ganzi ya miguu kwa wingi. Mwiba wa waridi katika kidole kisichohisi hauumi. Huingia, hubaki, huoza, na mtu huona usaha kabla ya kuona jeraha. Mgonjwa wa namna hiyo sitamwandikia ruhusa ya kukata waridi, hata akinisihi, na hata akiahidi kuvaa glavu. Lakini krisanthemamu haina miiba. Katika kuhesabu vipandikizi mtu huyo huyo anaweza kufanya kazi miaka mingi, akizoea kukagua viganja na nyayo zake kila jioni. Basi linganisha vyeti viwili. Kimoja kinasema "kazi nyepesi". Kingine kinasema "asishike mimea yenye miiba wala vyombo vya moto, anafaa kwa kazi zote za mezani zisizo na miiba, avae viatu vilivyofunika vidole". Cha pili kimechukua dakika tatu zaidi kukiandika.

Nikiwa bado kwenye miiba, niseme neno kwa wenzangu wa zahanati zilizo jirani na mashamba. Wanawake wengi hupata chanjo ya pepopunda wanapohudhuria kliniki ya ujauzito. Wanaume hawana kliniki ya namna hiyo, na wengi hawajachanjwa tangu utoto. Aidha, uvimbe unaoanzia kidoleni kisha ukajipanga mfano wa shanga kuupanda mkono, usiosikia antibiotiki, huenda ukawa ni sporotrikosisi, ugonjwa wa fangasi unaoingia kwa mchomo wa mwiba au wa kijiti. Si ugonjwa tunaouona kila siku, ndiyo maana hupita bila kutambuliwa.

Mwenye kifafa mwajiri humwogopa kuliko wote, na hofu hiyo hutokana na kumwaza kila mahali kwa pamoja. Asipande ngazi kurekebisha plastiki ya paa. Asifanye kazi kando ya bwawa la umwagiliaji, asiendeshe trekta, wala asiingie peke yake katika chumba cha ubaridi. Baada ya kuyaondoa hayo, sehemu kubwa ya shamba imebaki wazi kwake. Kinachomwangusha aghalabu si kazi yenyewe bali ni saa zake. Wiki za kuelekea Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari, ndizo wiki za mavuno makubwa. Zamu hurefuka, usingizi hupungua, vidonge husahaulika, na kukosa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana sana vya degedege. Cheti kinachosema "asipangiwe zamu ya usiku wala saa za ziada zinazokata usingizi" humlinda kuliko kile kinachomtoa kazini.

Hapo hapo izingatiwe siri ya mgonjwa. Mwajiri anahitaji kujua kisichowezekana na kinachowezekana. Hana haja ya kujua jina la ugonjwa, isipokuwa mgonjwa mwenyewe ameridhia kwa hiari yake. "Asifanye kazi juu ya ngazi" inatosha.

Kwa wenye ualbino, kitalu nyumba hudanganya. Mtu akiwa chini ya plastiki hudhani amejikinga, ilhali plastiki huzuia sehemu ya miale ya jua na kuipitisha nyingine, na njia ya kutoka kitalu hadi banda hana budi kuipita adhuhuri. Saratani ya ngozi kwa ndugu zetu hawa huanza mapema na huua mapema. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni vifaa vya kazi kama ulivyo mkasi, na mwajiri avitoe kama anavyotoa mkasi. Mafuta hayo hutengenezwa hapa hapa nchini. Mradi wa Kilisun ulioanzia katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC umekuwa ukiyatengeneza mahususi kwa watu wenye ualbino. Uoni hafifu nao usisahaulike: mwanga mkali unaoakisiwa na plastiki nyeupe humsumbua, na kuwekwa mahali penye kivuli huku meza ikiwa imesogezwa karibu ni msaada usiogharimu kitu.

Jambo moja dogo kuhusu mguu bandia, kwa sababu sijawahi kuliona limeandikwa kwa Kiswahili na limewatesa wengi. Fundi anapoupanga mguu bandia huufuatisha kimo cha kisigino cha kiatu ambacho mgonjwa amekuja nacho siku hiyo. Akija na kandambili, akaenda kazini na mabuti ya mpira, kisigino kimepanda, goti linasukumwa mbele, na baada ya juma moja anarudi akilalamika kwamba mguu ni mbovu. Tena kifundo cha mguu bandia wa kawaida hakikunjiki vya kutosha kuingia katika buti refu. Dawa yake ni rahisi: mgonjwa aje kwa fundi na buti lenyewe la kazini, na buti hilo lichanwe nyuma na kutiwa zipu au kamba. Mafundi waliosomea TATCOT, chuo kilichokuwapo Moshi tangu mwaka 1981, watalielewa hilo kwa neno moja, lakini hawawezi kulikisia ikiwa hakuna aliyewaambia kwamba mtu huyu anafanya kazi kwenye sakafu yenye maji.

Aliyeumia uti wa mgongo ana shida ambayo haionekani. Njia zilizo kati ya matuta hazipitishi kiti mwendo, kwa hiyo mahali pake ni bandani. Hilo msimamizi huliona mara moja. Asiloliona ni choo. Wengi wa wagonjwa hawa hutoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa kadhaa, na wanahitaji choo kinachoingilika, maji safi na faragha. Pia hawana budi kujiinua kitini mara kwa mara ili damu ipite makalioni, la sivyo vidonda vya mgandamizo havikawii. Sasa mweke mtu huyo mahali ambapo ujira unategemea idadi ya mashada. Kila safari ya chooni inamkata fedha. Atakunywa maji kidogo, atachelewesha mkojo, atakaa bila kujiinua, na miezi michache baadaye tutamwona wodini na maambukizi ya figo au kidonda kilichofika mfupani. Nimekwisha kusikia hali hiyo ikielezwa kuwa ni uzembe wa mgonjwa. Mimi naiita ugonjwa wa mfumo wa malipo, na nadhani daktari ana haki ya kuandika kwenye cheti kwamba mtu huyu alipwe kwa siku, si kwa shada. Wapo wenzangu wanaoona kwamba hapo nimevuka mpaka wa utabibu. Figo haiujui mpaka huo.

Viziwi wamo katika baadhi ya mabanda ya kupangia madaraja, na mara nyingi husifiwa: hawapigi soga, hawana maneno, wanamakinika. Sifa hizo zinipite mbali. Watu hao wanapiga soga sana kwa mikono yao, na wana maneno mengi tu kwa yeyote anayejua lugha ya alama; asiyejua ndiye anayedhani hawana. Udhaifu wa sifa ya namna hiyo ni kwamba humfanya msimamizi aone hana la kurekebisha. Kitalu kikishapulizwa viuatilifu, kuna muda uliowekwa ambao mtu haruhusiwi kuingia. Tangazo likitolewa kwa filimbi au kwa mdomo, kiziwi ataingia. Bendera nyekundu mlangoni na ubao wenye saa ya kuruhusiwa humlinda yeye na humlinda kila mtu. King'ora cha moto nacho kiwe na taa inayomulika. Na mafunzo ya usalama yatolewe kwa mkalimani. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ni mahali pa kuanzia kumtafuta. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfati humfanya mtu atokwe na mate na jasho, mboni zisinyae, kifua kibane na misuli icheze. Asiyeweza kumweleza muuguzi wa zamu kwamba anajisikia vibaya tangu asubuhi yumo katika hatari maradufu. Muuguzi wa shamba anayejua alama ishirini za lugha hiyo ni kinga halisi.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Shamba lenye wafanyakazi 400 linapaswa kuwa nao 12. Idadi hiyo si kubwa, na shamba la maua lingeweza kuivuka bila kutoa jasho. Ninachokihofia ni namna ya kuifikia. Yako mahali ambapo 12 hao wote hupangwa katika meza moja iliyo karibu na lango, hupigwa picha kila mgeni anapokuja, na hulipwa pungufu kwa kisingizio kwamba wamesaidiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa katika mazingira yaliyo wazi kwa wote. Picha si ujira. Mgonjwa wangu akiombwa picha ya kuuzia maua, namshauri aulize mambo mawili: itatumika wapi, na je, akikataa atabaki kazini?

Sisemi kwamba mahali palipotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu hapana faida. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza mwaka 2003, na Shanga ya Arusha, zimewapa ufundi na heshima watu ambao hakuna aliyetaka kuwaajiri, na mgeni anayehudumiwa mkahawani Iringa na mhudumu kiziwi huondoka akiwa amejifunza jambo. Lakini karakana za namna hiyo huchukua makumi ya watu, na uhai wao hutegemea wageni na wafadhili. Uingereza ilikuwa na kampuni ya serikali, Remploy, iliyoanzishwa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya kuwaajiri watu wenye ulemavu viwandani mwake. Serikali ilipoondoa ruzuku, viwanda vya mwisho vilifungwa mwaka 2013, na watu waliozoea kiwanda chao peke yake wakajikuta sokoni ghafla. Ndiyo maana nalitazama shamba la kawaida, linalouza waridi kwa sababu waridi linanunuliwa, kuwa mahali bora pa kumwelekeza mgonjwa kuliko shamba la hisani, ikiwa tu tutaifanya kazi yetu ya kumweka mahali panapomstahili. Wapo ambao ulemavu wao ni mzito kiasi kwamba hakuna meza ya shamba lolote itakayowafaa, nao wasilazimishwe ili kukamilisha hesabu ya asilimia.

Tukumbuke pia kwamba ulemavu hauingii shambani kwa kupitia ofisi ya ajira pekee. Wengine huupata humo humo: kidole kilichokatwa, mgongo uliovunjika kwa kuanguka, kiwiko na kifundo cha mkono vilivyochakaa kwa kubana mkasi maelfu ya mara. Mwajiri anatakiwa kisheria kumpima mfanyakazi afya kabla ya kumpangia kazi na baada ya hapo kwa vipindi, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Aliyeumia kazini ana haki ya kudai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mafao yake si ya fedha tu. Utengamao, pamoja na viungo bandia, umo. Wagonjwa wengi hawalijui hilo, na baadhi ya hospitali haziziandiki ajali hizo kuwa za kazini, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mstari mmoja katika faili, "ameumia akiwa kazini, tarehe fulani, akifanya kazi fulani", unaweza kuwa ndio tofauti baina ya mguu bandia na magongo ya maisha. Uandikwe siku ya kwanza, damu ikiwa bado mbichi, maana baada ya miezi sita kila upande utakuwa na simulizi yake.

Kwa mtumishi wa afya, basi, swali la kwanza na liwe: ukiwa kazini, mikono yako inafanya nini saa nzima? Kisha: unasimama au unaketi, unabeba nini, unatembea wapi, choo kiko umbali gani, unalipwa kwa siku au kwa kipande? Maswali hayo yanaulizika wakati mgonjwa anafunga vifungo vya shati. Pakiwa na mashaka, na mgonjwa akiridhia, mpigie simu msimamizi. Nimeona simu ya dakika kumi ikifanya ambacho barua tatu hazikukifanya, kwa sababu msimamizi naye ana hofu zake na hana wa kumuuliza.

Nawe mgonjwa, siku ya kliniki usije na kadi peke yake. Njoo na viatu vya kazini. Kama una simu yenye kamera, na uongozi umekuruhusu, piga picha ya meza yako, stuli yako, njia unayopita na zana unazoshika. Omba cheti chako kitaje kazi unazoweza kabla ya zile usizoweza, nawe ukisome kabla ya kuondoka. Maneno usiyoyaelewa uliza pale pale, maana msimamizi naye hatayaelewa. Na kama unajua kwamba msimu wa mavuno makubwa uko mbele, usingoje Februari. Njoo Desemba, ili dawa, mguu au kiti kiwe kimekwisha kurekebishwa kabla ya zamu kurefushwa.